HATA KUFILISIKA KWATAKA FEDHA

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulipingi. Lakini yuko mtu aliyekwisha uza alichokuwa nacho, kazi hana, na riba yazidi kila mwezi. Huyo alipe nini? Kwa ajili yake ndiyo ikawekwa sheria ya kufilisika: aeleze hali yake kwa kiapo, mali iliyopo igawiwe wadai, naye aachiliwe aanze upya.

Huko Marekani watu wa kawaida wana milango miwili. Mlango wa Sura ya 7 hufuta madeni mengi katika miezi michache. Mlango wa Sura ya 13 wamtaka mdaiwa alipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu hata mitano. Akishindwa njiani ombi laweza kutupwa, na madeni yakabaki pale pale.

Sasa tazameni taabu ya wakili. Katika Sura ya 7, ujira ambao hakulipwa kabla ya kupeleka ombi huwa deni kama madeni mengine, nao hufutwa pamoja nayo. Na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wakili wa mdaiwa hawezi kulipwa kutoka katika mali ya muflisi, ila akiwa ameajiriwa na mfilisi kwa kibali cha mahakama. Basi hana budi kudai fedha mbele. Maskini aambiwa: kalete fedha kwanza, ndipo nithibitishe kuwa huna fedha!

Sheria ya mwaka 2005 iliongeza mzigo. Yapasa mapato ya miezi sita yapimwe, hati za mshahara na za kodi zikusanywe, na mteja apate mashauri ya fedha kabla ya ombi. Sahihi ya wakili ni dhamana kwamba amechunguza. Uongo ukionekana, naye aweza kuadhibiwa. Kazi ikizidi, bei hupanda. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilieleza mwaka 2008 kwamba ujira wa wastani wa Sura ya 7 ulitoka dola 712 mwanzoni mwa 2005 ukafika dola 1,078 mwanzoni mwa 2007.

Asiye na fedha za mbele huelekezwa Sura ya 13, maana huko wakili aweza kulipwa kwa mafungu. Na ni nani huelekezwa huko zaidi? Wasomi Jean Braucher, Dov Cohen na Robert Lawless walionyesha mwaka 2012 kwamba Wamarekani weusi huingia mlango huo mrefu kwa kiasi cha mara mbili ya wenzao. Tena mawakili walipopewa habari za mume na mke wa kubuni, hali ni ile ile, majina na kanisa lao yakibadilika, wenye majina ya watu weusi ndio walioshauriwa zaidi Sura ya 13. Huu si uhaba wa fedha tena, ndugu zangu. Huu ni ubaguzi.

Wengine watasema mawakili wote ni walafi. Hatukubali. Wakili naye ana watoto na kodi ya ofisi. Kosa kubwa ni la sheria inayomfanya ashindane na mteja wake juu ya sahani moja. Mwaka 1973 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba hata fukara alipe ada ya dola 50 ndipo afilisike. Mmoja wa wale wanne waliopinga ni Thurgood Marshall, yule yule aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Bunge lilikawia mpaka 2005 kuruhusu mahakama zimsamehe ada hiyo fukara wa Sura ya 7. Ujira wa wakili haukupata msamaha.

Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2015, imemwekea njia mdaiwa asiye na mali. Ni jambo jema. Lakini njia isiyo na wa kumshika mkono mnyonge huwafaa wenye nacho tu. Serikali yoyote inayotunga sheria ya namna hii na itenge fedha za kumlipa wakili wa maskini. Haki inayouzwa mlangoni si haki, ni bidhaa.