Uhai haupandi ngazi, na watoto wetu waambiwe hivyo

Kamongo ana vinasaba vingi kuliko mimi na wewe, tena kwa mbali sana. Kipimo kinachotajwa zaidi kuhusu kamongo wa Ziwa Victoria, yule ambaye wataalamu humwita Protopterus aethiopicus, ni herufi za vinasaba zinazokaribia bilioni 130. Binadamu ana kama bilioni 3. Kitunguu maji nacho kina kama bilioni 16. Nikiwaeleza hayo wanafunzi wa kidato cha nne hapa Mwanza, darasa hunyamaza kidogo, kisha mmoja huuliza: "Sasa mwalimu, mbona sisi ndio tunaomla kamongo, yeye hatuli?"

Nalipenda sana swali hilo, kwa sababu linaanika wazo zima lililofichika kichwani mwa muulizaji. Anaamini kwamba viumbe wamepangwa kwa daraja, kwamba mwenye vingi yuko juu, na kwamba aliye juu kabisa ni sisi. Lakini sehemu kubwa ya vinasaba vya samaki wa jamii hii waliokwisha kuchunguzwa ni vipande vilevile vilivyojinakili mara kwa mara, vikarundikana kwa mamilioni ya miaka. Havimpi kamongo akili wala kiungo cha ziada. Wingi wa vinasaba ni jambo moja, uchangamano wa mwili ni jambo jingine.

Lakini nisimwache samaki huyu haraka hivyo. Mpasue kamongo tumboni, usogeze utumbo na ini pembeni, utaona mifuko miwili mirefu iliyolala kufuata uti wa mgongo. Hayo ni mapafu. Matamvua anayo, ila hayamtoshi. Kamongo mkubwa akinaswa kwenye wavu chini ya maji asiweze kupanda kuvuta hewa, hufa. Mapezi yake ya pembeni ni nyuzi nne laini zinazoning'inia. Mdomoni ana mabamba magumu ya meno ambayo wavuvi wanayaogopa, na wana haki ya kuyaogopa. Ng'ambo ya ziwa, Buganda, uko ukoo mzima unaobeba jina lake na usiomla. Ukoo wake mwenyewe majini una umri wa takribani miaka milioni 400, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na sangara anayeuzwa naye meza moja. Mtu akiniambia kamongo ni samaki aliyebaki nyuma, namwomba anionyeshe ni nyuma ya nani.

Wazo la daraja linatoka mbali, lakini kwa kizazi changu limebebwa na picha moja. Mwaka 1965 mchoraji Rudolph Zallinger alichora, kwa kitabu kilichotoka Marekani, safu ya sokwe na watu wa kale wakitembea kuelekea kulia, kila mmoja akinyooka zaidi ya aliyemtangulia. Picha hiyo imenakiliwa kila mahali, kwenye chati za madarasa, fulana na majalada ya madaftari. Mwanafunzi akiitazama mara moja tu, anaondoka na fundisho kwamba kila kiumbe kiko safarini kuwa mtu, na waliobaki wamechelewa.

Sisi Watanzania ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Mwaka 1959, bondeni Oldupai, Mary Leakey alifukua fuvu la Zinjanthropus, mwenye magego makubwa ajabu, aliyeishi karibu miaka milioni 1.75 iliyopita. Haukupita muda, katika bonde hilohilo ikapatikana mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo, akapewa jina la Homo habilis mwaka 1964. Wawili hao waliishi zama moja, katika nchi moja. Hapakuwa na safu. Palikuwa na matawi, na tawi la yule mwenye magego makubwa likakatika bila kuacha mrithi. Bonde hilo liko mkoani Arusha, safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa, na bado watoto wetu wanafundishwa safu ya Zallinger.

Je, uhai haujawa changamani zaidi kadiri muda ulivyokwenda? Umekuwa, na mwalimu mkweli hawezi kukana. Mabaki ya kale ya uhai yanayokubaliwa na wengi yana miaka kama bilioni 3.5. Kwa karibu nusu ya muda huo wote dunia ilikaliwa na bakteria na jamaa zao tu. Seli kubwa zenye kiini zikaja baadaye, na wanyama ni wa miaka milioni 600 hivi ya mwisho. Leo wapo tembo, mibuyu na ubongo wa binadamu, na zamani havikuwapo.

Swali ni kwa nini. Mwanasayansi wa mageuko Stephen Jay Gould, katika kitabu chake Full House cha mwaka 1996, alitoa jibu ambalo kwangu linabeba sehemu kubwa ya ukweli. Uhai ulianza karibu kabisa na kiwango cha chini kinachowezekana. Chini ya bakteria hakuna pa kwenda. Ukipunguza zaidi, hakuna tena kiumbe. Kwa hiyo hata kama mabadiliko yangetokea bila mwelekeo wowote, wachache wangejikuta wamesogea upande wa uchangamano, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi. Mkia mrefu unajitokeza, lakini umati unabaki pale pale ulipoanzia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonyesha kwamba kaboni iliyomo katika miili ya bakteria wote ni kama tani bilioni 70. Ya wanyama wote, kuanzia siafu hadi nyangumi, ni kama bilioni 2. Ya binadamu wote kwa pamoja ni milioni 60. Atakayeuliza enzi hii ni ya nani, hesabu iko hapo.

Ninapotofautiana kidogo na Gould ni kwenye hatua chache kubwa ambazo wanabiolojia John Maynard Smith na Eörs Szathmáry walizieleza mwaka 1995: viumbe vilivyokuwa vikijitegemea vikaungana na kuanza kuzaliana kama kitu kimoja. Mitokondria inayozalisha nishati katika seli zako ilikuwa bakteria huru. Lynn Margulis alipolitetea jambo hilo mwaka 1967 wengi walimpinga. Leo limo katika kila kitabu cha biolojia. Uchangamano wetu umejengwa juu ya muungano huo, na upande mmoja wa muungano ni bakteria hao tunaowaita duni.

Kisha kuna wanaokwenda upande wa pili, na hao ndio vitabu vyetu huwapita haraka. Tegu anayekaa kwenye utumbo wa mtu hana mdomo wala utumbo wake mwenyewe. Wahenga wake walikuwa navyo. Amezungukwa na chakula kilichokwisha kusagwa, anakifyonza kwa ngozi, na nguvu iliyobaki anaielekeza kwenye mayai. Kimelea cha malaria kinashangaza zaidi: ndani yake kimebeba mabaki ya mwani uliowahi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uwezo huo umekwisha kabisa, lakini kiungo kimebaki kwa kazi nyingine, na dawa ya doksisaiklini hukishambulia hicho. Kimelea hiki kimepoteza mengi, na kimefanikiwa kuwaua binadamu wengi kuliko simba wote waliowahi kuunguruma.

Hapa ndipo ninapopata hasira, kwa sababu fundisho la ngazi lina gharama. Mtu aliyefundishwa kuwa vijidudu ni viumbe vya chini, vilivyosimama tangu zamani, hategemei vibadilike. Atanunua vidonge viwili vya antibayotiki duka la mtaani, akipata nafuu ataacha. Nchi hii iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu kimelea kilikuwa kimeizoea, tukahamia dawa ya SP, na haikuchukua miaka mingi tukalazimika kuhamia ALu, dawa mseto inayotegemea artemisinini. Sasa watafiti wamekuta Kagera, jirani zetu kabisa, vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya K13, yale yanayodhoofisha nguvu ya artemisinini hiyo. Hayo ni mageuko, yanatokea leo, ndani ya damu za ndugu zetu, na hayana haja ya kumfanya kimelea awe changamani zaidi.

Ninawaomba wanaoandika vitabu vya mtaala mpya waondoe ile safu ya watembeaji. Mahali pake waweke mafuvu mawili ya Oldupai, ubavu kwa ubavu, na umri wake. Walimu wenzangu mnaoishi karibu na ziwa, nunueni kamongo mmoja sokoni mumpasue mbele ya darasa. Na watungaji wa mitihani, badala ya kumtaka mtoto apange viumbe kutoka wa chini kwenda wa juu, muulizeni kwa nini tegu hana utumbo. Atakayejibu hilo sawasawa ameyaelewa mageuko.