Mja Mzito Anayetapika Hadeki

Usiku mmoja, nilipokuwa nikijiandaa kufunga zahanati yangu, tuk-tuk ilisimama mlangoni. Ndani yake mlikuwa na mke kijana mwenye mimba ya miezi miwili na nusu, ameegemea bega la mavyaa yake. Alikuwa ameteremshwa kwa kiti kutoka ghorofa ya pili ya nyumba moja huko Kibokoni, kisha akabebwa hadi barabarani, kwani kichochoro chao hakipitishi gari. Kwa siku tatu hata maji hayakukaa tumboni. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamezama, na mkojo wake ulikuwa kidogo mno, wenye rangi ya chai ya mkandaa.

"Ni mimba tu, daktari," mavyaa aliniambia. "Mimi nimezaa saba na sikulala hata siku moja. Wake wa siku hizi wanadeka."

Mama huyo hakuwa na roho mbaya. Ndiye aliyemleta mkaza mwanawe, na ndiye aliyemshika kichwa njia nzima. Alisema tu lile ambalo wengi wetu husema. Lakini neno hilo "kudeka", mpenzi msomaji, ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu ndilo lililomweka kitandani siku tatu pasipo kuletwa kwa daktari.

Kutapika kwenyewe ni jambo la kawaida. Yapata wanawake 7 katika kila 10 hupata kichefuchefu wanapokuwa waja wazito. Aghalabu huanza wiki ya 6 hivi, huzidi kufikia wiki ya 9, na wengi hupata nafuu kabla ya wiki ya 16, ingawa wachache huendelea hadi wiki ya 20 au zaidi. Wapo wanaouita ugonjwa wa asubuhi, lakini akina mama wenyewe wanajua kwamba huja adhuhuri, magharibi na hata usiku wa manane.

Mbona basi mmoja azae saba bila taabu na mwingine asiweze kunusa kitunguu? Mwezi wa Desemba 2023, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza katika jarida la Nature kuhusu homoni iitwayo GDF15. Homoni hii hutolewa kwa wingi na kondo la nyuma na huingia katika damu ya mama. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba huathirika zaidi inapopanda ghafla. Yule ambaye mwili wake umeizoea hupita salama. Kwa hivyo mavyaa na mkaza mwana wote wawili wanasema kweli. Hawakuumbwa na mwili mmoja, basi.

Vivyo hivyo kwa bwana anayelalamika kwamba "mimba imenikataa". Pua ya mja mzito huwa kali kupita kiasi. Kinachomkera yamkini si wewe, bali ni sigara yako, marashi yako, au shombo uliyotoka nayo soko la samaki. Oga, kavutie sigara mbali, na usilifanye jambo hilo kuwa kesi ya kuitiwa wazee.

Je, afanye nini huyu mama nyumbani? Kwanza, asiinuke kitandani na tumbo tupu. Awekewe biskuti kavu au kipande cha mkate karibu na mto, ale polepole, angoje robo saa, ndipo ainuke. Pili, ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili badala ya sahani tatu kubwa kwa siku. Mahamri yenye mafuta na viazi vya karai vinaweza kungoja. Mihogo ya kuchemsha, wali mkavu, ndizi au uji uliopoa hukubalika zaidi, kwani chakula kilichopoa hakina harufu kali. Tatu, anywe maji, madafu au maji ya ndimu kwa mafunda madogo, baina ya vyakula na si pamoja navyo.

Tangawizi, ile ile inayotiwa katika birika za wauza kahawa wetu, imechunguzwa na wataalamu na kuonekana kupunguza kichefuchefu. Atiliwe katika chai nyepesi. Embe bichi au ukwaju havina ubaya ikiwa ndivyo anavyovitamani, mradi tumbo lisimchome.

La udongo ni jambo jingine. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waja wazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo. Wengi huniambia unakata kichefuchefu. Hata hivyo, udongo unaweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma, na huweza kuwa na mayai ya minyoo au hata risasi. Mama ambaye tayari hali vizuri hana damu ya kupoteza.

Na tembe za kuongeza damu zikimzidishia kutapika, asizitupe kimyakimya. Azinywe usiku baada ya kula, na akishindwa aseme kliniki ili ashauriwe, huku akiendelea na foliki asidi, ambayo mtoto anaihitaji sana katika miezi mitatu ya kwanza.

Kuna wanaoogopa dawa yoyote ya kuzuia kutapika, na hofu hiyo ina asili yake. Dawa iitwayo thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ikapewa pia waja wazito wenye kichefuchefu. Iliondolewa madukani humo mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali kuzaliwa na mikono na miguu iliyodumaa. Lakini tangu hapo mambo yamebadilika. Leo tunayo vitamini B6, na zipo dawa nyingine zilizotumiwa kwa miaka mingi na kuchunguzwa vyema. Muhimu ni kuandikiwa na daktari, si kununua dukani bila kusema kwamba una mimba.

Mwezi wa Ramadhani nao hunijia na akina mama waliozimia kabla ya magharibi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, wanasema kwamba mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Amwulize sheikh wake namna ya kulipa, lakini asione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Sasa nisikilize kwa makini. Mlete mama hospitali siku hiyo hiyo ikiwa maji hayakai tumboni kwa siku nzima, mkojo umekuwa mweusi au haukuja kwa saa 8, anaona kizunguzungu akisimama, amepungua mwili, anatapika damu, tumbo linamuuma au macho yamekuwa manjano. Homa si dalili ya mimba. Mja mzito mwenye homa na kutapika apimwe malaria na mkojo bila kukawia. Kutapika kunakoanza baada ya miezi mitatu pia kutafutiwe sababu, na kukija na maumivu makali ya kichwa miezi ya mwisho, ni hatari kubwa. Wala usimwite mtu aje kumtundikia dripu nyumbani. Aliyetapika kwa majuma anahitaji kupimwa damu na kupewa vitamini B1 kabla ya maji ya glukosi, la sivyo ubongo wake unaweza kudhurika.

Yule mke wa Kibokoni alilazwa siku nne, akarudi nyumbani, na mimba yake ikaendelea. Mavyaa alikuja tena kunipa habari. Aliniambia kwamba sasa yeye ndiye anayekaanga vitunguu, tena uani, mlango umefungwa. Hakusema neno la kudeka, nami sikumkumbusha.