Nyuki, Aspirini na Pumzi

Huku kwetu Buzwagi na Kahama yote, asali ni chakula na ni fedha. Lakini kwa watu wachache sumu ya nyuki si maumivu tu. Kwa dakika chache mwili wote humwasha mtu, midomo huvimba, pumzi hubana, naye huanguka.

Je, sababu yake nini? Mwili umeipiga vita sumu ile kupita kiasi. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, moyo hukosa damu ya kusukuma, na njia za pumzi hubana. Charles Richet na Paul Portier, Wafaransa, waliieleza hali hii mwaka 1902, baada ya kujaribu sumu ya viumbe vya bahari kwa mbwa.

Wengi hukimbilia aspirini au diklofenaki. Msifanye hivyo! Dawa hizo haziusaidii moyo wala hazifungui mapafu. Tena wako wenye pumu ambao hubanwa zaidi wakizimeza. Hata deksamethasoni hukawia saa kadhaa, na mgonjwa hana saa hizo. Dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja: hukaza mishipa, huutia moyo nguvu, hufungua njia za pumzi.

Basi, mlazeni, miguu juu. Akihema kwa shida, aketi. Asitembee. Mbebeni upesi hadi zahanati. Nanyi warina asali, ulizeni leo kama adrenalini ipo huko. Msingoje siku ya nyuki.