Shangazi Karudi na Tumbo la Kikombe, Msimjazie Sinia!

Wale mliozoea nikiwapa vidokezo vya mapenzi, wiki hii mtanisamehe. Leo nina stori ya tumbo. Si tumbo la mimba wala tumbo la njaa, ni tumbo lililokatwa.

Naandika haya nikiwa Ilemba, huku kwetu Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaowatenga ndugu zetu wa Ufipa ya juu wenye baridi yao na sisi wa bondeni tunaopikwa na jua. Mtu wa Dar akitaka kufika hapa anakula zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Sumbawanga mjini, halafu anateremka bondeni roho mkononi. Nilikuja kwa msiba wa babu mdogo. Nakwambia ilibaki kidogo tu iwe misiba miwili.

Basi bwana, siku ya pili ya msiba akashuka shangazi yangu kutoka Dar. Lahaula! Watu midomo wazi. Shangazi tunayemjua sisi ni bonge la mama, kilo 124, akicheka nyumba nzima inasikia. Huyu aliyeshuka gauni linampwaya, mashavu yamebonyea, hata sauti imepungua. Kilo kama 20 zimeyeyuka tangu tumwone Krismasi.

Unajua tena watu wetu. Kule jikoni kwa akina mama minong'ono ikaanza palepale.

"Huyo kakanyaga miwaya."

"Mjini kumemmaliza, masikini."

Bibi yangu, ambaye ndiye mama yake mzazi, hakusema neno. Alifanya kile anachofanya bibi yeyote wa Kifipa akimwona mwanawe kakonda. Alisonga ugali wa ulezi, akapika kambale, akaongeza bakuli la maharage, akaketi mbele ya shangazi na kusema, "Kula mwanangu, mwili urudi."

Sasa jamani, mbele ya mama yako, tena msibani, utasemaje hutaki? Shangazi akala tonge tano. Usiku nikasikia mtu anatapika nyuma ya nyumba.

Kesho yake hivyohivyo. Akiulizwa anasema ni maji ya huku hajayazoea. Siku ya tatu hata maji hayakai tumboni. Jirani mmoja mwenye roho nzuri akamletea vidonge vya diklofenaki vya maumivu. Siku ya nne nikamkuta kashika ukuta, midomo imepasuka, jua la saa nane linawaka.

"Shikamoo shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Usimwambie mama."

Akafunua kanga kidogo. Tumboni nikaona makovu madogo matano, bado mekundu. "Nilipunguza tumbo," akasema. "Wiki ya tano leo."

Nikaishiwa nguvu. Kumbe mtu wetu kafanyiwa operesheni kubwa, kasafiri siku mbili kwenye basi bila kumuuliza daktari wake, kaja kula ugali wa msibani, na siri kaimeza pamoja na matonge!

TUMBO LINAPUNGUZWAJE?

Kwa faida ya wasiojua, nilichimba habari kidogo. Mambo haya si ya leo. Mwaka 1966 daktari mmoja Mmarekani, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, alianza kuwafanyia watu wanene operesheni ya kufupisha njia ya chakula. Ilikuwa imeshaonekana kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walikuwa wanakonda.

Siku hizi kuna aina mbili zinazofanywa zaidi. Ya kwanza, ndiyo aliyofanyiwa shangazi, wanakata na kutoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, kinabaki kibomba chembamba mfano wa ndizi. Ya pili ni baipasi. Hapo wanatengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo chini, chakula kinapita njia ya mkato.

Halafu kuna puto, ambalo si operesheni. Linapitishwa mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, ilianza huduma hiyo mwaka 2022, na mwanamuziki Peter Msechu ni mmoja wa waliosema hadharani kwamba wamewekewa.

Msidhani ni mambo ya urembo tu. Kwa mwongozo wa wataalamu wa dunia uliotolewa mwaka huohuo wa 2022, operesheni inapendekezwa kwa mtu ambaye uzito wake wa kilo ukiugawa kwa urefu wake wa mita mara mbili unapata 35 au zaidi. Kwa mtu wa mita 1.60 hiyo ni karibu kilo 90. Mwenye kisukari anaweza kufikiriwa hata akiwa na 30. Shangazi alikuwa na sukari na presha, na magoti yalishagoma kupanda ngazi. Hakwenda kutafuta kiuno cha miss.

KUKATWA NI SIKU MOJA, KULA NI KILA SIKU

Hapa ndipo wengi tunapochemsha. Tunadhani ukishatoka hospitali mchezo umekwisha. Kumbe ndiyo kwanza kipenga kimepulizwa.

Mnamkumbuka Maradona? Mwaka 2005 alipunguzwa tumbo kule Cartagena, Colombia, akakonda mpaka dunia ikamshangilia upya. Mwaka 2007 akarudi kitandani hospitali Buenos Aires, safari hii ini lilikuwa limeharibiwa na pombe. Kisu kinakata tumbo, mazoea hakiyagusi. Na baada ya operesheni hizi pombe inapanda kichwani haraka kuliko zamani, kwa hiyo wale wazee wa moja baridi mkae chonjo.

Chakula chenyewe kinakwenda kwa hatua, na kila hospitali inampa mgonjwa ratiba yake. Kwa kawaida siku za mwanzo ni maji na vitu vyepesi vya kunywa. Mpaka kama wiki ya pili ni vya majimaji tu, maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Wiki ya tatu na ya nne ni vilivyosagwa laini kama chakula cha mtoto. Wiki ya tano na ya sita ni vitu laini, yai, samaki aliyechambuliwa miiba, maharage yaliyopondwa. Baada ya hapo, kama mwezi wa pili, ndipo unaanza kurudi kwenye chakula cha watu, kidogokidogo. Ugali mgumu, mkate laini na wali wa kushikana huwa vya mwisho, maana vinagandamana na kukwama. Sasa pigeni hesabu, tonge tano za ulezi wiki ya tano!

Halafu kuna sheria ambazo hazina mjadala. Kijiko kiwe kidogo, kile cha chai. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Kifua kikianza kubana au kwikwi ikija, acha hapohapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Usinywe maji pamoja na chakula, subiri nusu saa. Lakini kwa siku nzima maji yafike lita moja na nusu au zaidi, funda kwa funda, na kwa jua la huku Ilemba chupa isitoke mkononi. Soda na juisi tamu weka mbali. Kwa waliofanyiwa baipasi hasa, sukari nyingi inawatoa jasho, moyo unakwenda mbio na tumbo linaharisha.

Kitu kinachotangulia kwenye sahani ni protini, angalau gramu 60 kwa siku, la sivyo mtu anakonda misuli badala ya mafuta. Wala usiwaze vyakula vya kopo vya bei mbaya. Yai moja lina gramu kama 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, samaki wa gramu 100 anakaribia 20. Sisi wa bondeni tuna ziwa, na maharage ndiyo jadi ya Mfipa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe sasa ni kidogo.

Vitamini na madini ni vya maisha yote. Kuna B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na ile B1 ambayo mtu akitapika siku nyingi inaisha upesi. Ikiisha mtu anaona vitu viwiliviwili, anayumba na kuchanganyikiwa, na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Usije ukadhani karogwa.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofen na aspirini vinaweza kutoboa vidonda kwenye tumbo hilo, kwa hiyo mwambie muuza dawa mapema. Panado ndiyo rafiki yako. Dawa za sukari na presha nazo zinabidi zipangwe upya na daktari, maana dozi ya zamani kwa mtu asiyekula inaweza kumwangusha.

Na ninyi akina dada, sikieni hili. Uzito ukipungua mimba inaingia kirahisi kuliko zamani, na vidonge vya majira huenda visifanye kazi vizuri baada ya baipasi. Wataalamu wanashauri usubiri kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu kabla ya kubeba. Nywele zikidondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita usilie, nyingi hurudi chakula kikikaa sawa.

TURUDI KWA SHANGAZI

Nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma namshikilia, mpaka kituo cha afya. Njiani nilimwambia, "Shangazi, leo utasema kila kitu, hata ukinichukia." Akasema. Na alivyosema ndivyo alivyopona. Mganga alipojua habari ya tumbo alipiga simu kwa muuguzi wa shangazi kule Dar, wakakubaliana B1 itangulie ndipo dripu ifuate. Kumbe ukianza na dripu ya sukari kwa mtu aliyeishiwa B1 unaweza kumwongezea matatizo. Angenyamaza, nani angejua?

Walimkagua na miguu pia. Safari ndefu ya kukaa, wiki chache baada ya operesheni, inaweza kugandisha damu mguuni, na donge likipanda kwenye mapafu ni kifo. Ukilazimika kusafiri muulize daktari kwanza, na basi likisimama shuka utembee.

Jioni ikabidi bibi aambiwe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilikuwa nakuua kwa mkono wangu?"

"Hapana mama," shangazi akajibu huku machozi yanamtoka. "Nilikuwa najiua mwenyewe kwa kunyamaza. Niliona aibu. Nilidhani mtasema nimenunua wembamba."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza, na mficha operesheni pia.

Kuanzia kesho yake bibi akageuka askari. Akachemsha uji wa ulezi mwepesi kama maji ya mchele, akautia maziwa bila sukari. Siku zilizofuata akaponda maharage na kuyachuja, akachambua samaki mwiba kwa mwiba, akamlisha mwanawe kwa kijiko cha chai kama alivyomlisha zamani. Mama mmoja alipokuja na sinia lake la ugali, bibi alimpokea vizuri, akalitenga kwa waombolezaji, akamwambia, "Mwanangu kapunguzwa tumbo kwa ajili ya sukari. Anakula kijiko." Basi. Habari ya miwaya ikafia hapo.

Kwetu sisi chakula ndiyo salamu na ndiyo pole. Anayekupa kingi anakupenda. Lakini mwenye tumbo la kikombe anapendwa kwa kikombe. Kama kwenu yupo, usimshindilie, wala usimuulize mbele za watu kwa nini kakonda. Mwulize faraghani, "Unaweza kula nini leo?" Na wewe uliyepunguzwa, mteue angalau mtu mmoja nyumbani ajue yote, na karatasi ya hospitali iwe kwenye mkoba muda wote.

Kabla sijafunga, kata kipande hiki ukibandike ukutani. Homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, kutapika hata maji, au kuona viwiliviwili na kuyumba, hayo si ya kungoja kesho. Ni hospitali, na kule unasema ukweli wote.

Shangazi sasa anatembea asubuhi mpaka kwenye mashamba ya mpunga na kurudi, chupa ya maji mkononi. Jana kanicheka, nyumba nzima ikasikia. Sauti imerudi, mwili wa zamani acha ubaki hukohuko.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.