Kobalti ni yetu, na fizikia?



Wengine wanasema somo la sumaku ni la mtihani tu. Mimi nakataa.

Mwaka 1820 Bwana Ørsted wa Denmark aliona mkondo wa umeme unageuza sindano ya dira. Hata leo mashini nyingi zinatunza kumbukumbu kwa kugeuza visumaku vidogo namna ile. Sumaku ikiisha kugeuka inakaa hivyo bila kula umeme. Kazi ya kuigeuza ndiyo inakula, tena inaleta joto. Kwa hiyo wataalamu wanajaribu kuigeuza kwa nguvu ya volti, mkondo ukiwa kidogo sana. Wanalaza sumaku nyembamba juu ya kitu cha ajabu: ndani kinazuia umeme, usoni kinaupitisha.

Sasa, kobalti ni chuma cha sumaku, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo hii, hasa upande wa Kolwezi. Jiwe tunauza, elimu tunaachia wengine. Haifai!

Mtasema: hatuna maabara. Kweli. Lakini msumari, waya na batri ya tochi vinatosha kuanza. Basi, tuanze.