Nowitzki na mwalimu wake

Sioni insafu kumsifu mchezaji wa mpira wa kikapu Dirk Nowitzki pasipo kumtaja Holger Geschwindner, mwalimu wake tangu ujanani huko Würzburg, ambaye alimnoa hata akawa mahiri wa ule mrusho wa mguu mmoja, mwili ukiegemea nyuma na goti likiinuliwa baina yake na mlinzi, mpira ukatoka juu pasipofikika kwa mkono wa hasimu. Baada ya fedheha ya fainali ya NBA ya 2006 mbele ya timu ya Miami, Nowitzki aliwalipa hao hao katika fainali ya mwaka 2011, tena mchezo wa nne akiucheza na homa mwilini. Misimu 21 katika timu ya Dallas, asihame kamwe: kwangu mimi, uaminifu huo wauzidi ubingwa wenyewe.