Mcheza Kwao Asipotuzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii niliitumia mimi mwenyewe muhula wa kwanza, katika mdahalo wa chama chetu, niliposimama kuunga mkono hoja kwamba wauguzi wanaokwenda ng'ambo ni wasaliti. Wengi wenu mlikuwepo ukumbini. Nilipiga meza nikauliza, "Bibi yako akizidiwa usiku wa manane, muuguzi aliye London atamfaa nini?" Mlishangilia hata mwalimu mlezi akagonga kengele. Upande wetu ukashinda.

Ndugu msomaji, leo naomba ruhusa nijipinge. Kuna jambo sikulisema siku ile. Dadangu mkubwa ni muuguzi, na yuko Uingereza tangu Septemba 2023. Karo ya muhula ule ule niliomwita msaliti mbele ya shule nzima ililipwa naye. Tangu siku hiyo makofi yenu yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Dada alimaliza KMTC mwaka wa 2018 baada ya miaka mitatu ya masomo, akafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi, akapewa leseni. Nyumbani tukachinja mbuzi. Kisha akakaa. Aliandika barua za kuomba kazi mpaka tukaacha kumuuliza. Mwishowe alipata kibarua katika kliniki ya mtu binafsi pale sokoni kwa shilingi 12,000 kwa mwezi, na miezi mingine hata hizo hakuziona. Wakati huo huo zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja tu. Ndiye anayepima presha, ndiye anayezalisha, ndiye anayechanja watoto. Akienda likizo, mlango hufungwa.

Hapo ndipo hoja yangu inapovunjika mguu. Nilisema wauguzi wanawatoroka wagonjwa. Jamani, mtu ataitorokaje wodi ambayo hakuna aliyemwajiri? Wauguzi wapo, wamekaa majumbani, leseni zao ziko kabatini. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti husema hazina pesa za kuajiri. Hata wale walio kazini walilazimika kugoma tangu Juni hadi Novemba 2017 wakidai mkataba wa mishahara yao. Isitoshe, Kenya na Uingereza zilipotia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, walengwa walikuwa wauguzi wetu wasio na kazi. Naam, serikali yenyewe imekiri kwamba wapo. Mcheza kwao alicheza mpaka akatoka jasho, na wa kumtuza hakutokea.

Hata hivyo, sisemi kila mtu afunge virago. Ng'ambo kuna kuingia kwa mlango na kuna kuingia kwa dirisha, na sisi tulianza na dirisha. Mwaka wa 2021 ajenti mmoja mwenye ofisi ya kupendeza mjini alimwambia baba ati viza iko tayari, mtihani hauna haja, zinatakiwa shilingi 150,000 tu. Baba akauza ng'ombe wawili wa maziwa. Ajenti akawa mtu wa leo kesho, leo kesho, hadi siku tulipokuta ofisi ile imegeuka duka la viatu. Mama alilia. Baba hakulia, lakini hakusema na dada kwa miezi mitatu, kana kwamba ndiye aliyekula ng'ombe.

Mlango wenyewe ni mrefu, lakini hauna siri. Baraza la Wauguzi la Kenya huthibitisha kwa baraza la Uingereza kwamba umesajiliwa. Kisha kuna Kiingereza. Katika mtihani wa IELTS hutakiwa alama 7 kati ya 9 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wapenzi wa Kiswahili, msicheke! Oktoba 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopita. Dada naye alianguka mara ya kwanza kwa nusu alama. Baada ya hapo kuna mtihani wa kompyuta, na ukishafika kule kuna mwingine wa vitendo. Ada zote alilipa kwa mkopo wa chama cha akina mama, na ajenti hakupata hata senti.

Kwa hiyo wenzangu wa kidato cha nne, mwanzo wa kujikinga ni kujua. Ajenti wa kazi za nje sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, nendeni mkaulize. Kanuni za Uingereza zinakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Na kazi ile ya kutunza wazee ambayo wengi huisifu, Uingereza ilifunga mlango wake kwa waajiriwa wapya kutoka nje mnamo Julai 2025. Atakayekuahidi leo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nirudi kwa bibi, maana swali langu la mdahalo bado liko palepale. Bibi ana presha. Kila Jumapili dada hupiga simu akamuuliza, "Bibi, umepimwa wiki hii?" Bibi humjibu, "Mjukuu wangu, muuguzi yuko likizo." Dada hunyamaza. Yeye mchana kutwa anapima presha za bibi za watu wengine, na yetu haimfikii. Hasara hiyo siikatai, wala yeye haikatai.

Lakini swali lile nililielekeza kwa asiyestahili. Wa kuulizwa ni wale waliomsomesha muuguzi miaka mitatu wakamwacha akae mitano. Vilevile nchi zinazowachukua zina deni. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2010 inazihimiza ziyasaidie mataifa yanayowapoteza wahudumu wao. Kwa hivyo napendekeza hoja ya mdahalo ujao iwe hii: asiyemwajiri muuguzi ndiye anayemsaliti mgonjwa. Nitaiunga mkono, hata nikishindwa.

Mimi pia nataka kusomea uuguzi. Nikijaliwa, ningependa kufanya kazi katika zahanati ile ile ya kwetu, tuwe wawili, ili mmoja akienda likizo mlango ubaki wazi. Lakini nikimaliza nikakaa miaka mitano bila kazi, kisha mkasikia nimepanda ndege kwa halali, tafadhali msiniite nilivyomwita dadangu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu